Nyasi za Zahanati

Issuna

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku sote wazima; shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kwa nini maji yanatuama kwenye nyasi zako. Udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa sana hushikamana. Ujanani nilitunza bustani ya zahanati, nako maji yalituama vivyo hivyo; nikamwaga mchanga juu, nyasi zikazidi kuoza. Msimamizi akasema atanifukuza. Mwajuma, aliyekuwa akifagia pale, akaniambia, "Kaka, umeufunika udongo tu. Utoboe." Tukautoboa kwa uma wa bustani, kina cha kiganja, tukajaza mashimo mchanga na samadi iliyooza. Mvua iliyofuata, maji yalizama.

Msimamizi aliponisifu nilisita, kisha nikamwambia ile ni akili ya Mwajuma. Bustani akapewa yeye. Mimi nikarudi kulima alizeti, na sikujuta.

Babu yako,
Yohana