Bwawa la mamba kivulini

Jumanne, Julai

Sweta! Ndilo jibu alilonipa meneja.

Mamba wa kwanza wa bustani yetu ya wanyama anafika Ijumaa kutoka bondeni, Ziwa Rukwa, kwenye joto. Bwawa lake limechimbwa chini ya mikaratusi ili wageni wasichomwe na jua. Kwa baridi hii ya Sumbawanga! Asubuhi sisi wenyewe tunaota jua ukutani kama mijusi.

Nikamwambia, "Mzee, mamba asipopata jua, chakula hakisagiki tumboni. Atakufa."

"Basi mfumie sweta, binti yangu."

Wafanyakazi wakacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa.

Daktari wa wanyama hapa ni mimi. Mamba akifa, nitampasua mimi, na meneja ataendelea kuhubiri banda la simba analotaka kujenga baadaye. Bango lake ameshalichora.

Mikaratusi hiyo aliipanda mwenyewe, hataki hata tawi liguswe. Naogopa kufukuzwa. Kazi nyingine ya fani yangu hapa mkoani sijaiona.

Lakini shoka lipo stoo na ufunguo ninao. Kesho alfajiri naanza na mti ulioinamia bwawa. Akinifukuza, anifukuze tukiwa wote juani.