Mjukuu Wangu na Mizani ya Mbuzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa aliyeshindwa si mimi, ni mtoto ndiye mkaidi. Mimi ni Mzee Dagane wa Waberi, Garissa, shule nilisoma kidogo tu lakini soko la mifugo lote linanijua, nikimshika ng'ombe mgongo nakutajia uzito wake na mizani inakuja baadaye kunikubali. Sasa nina mjukuu, Hamda, ana miaka kumi na tatu, mama yake yuko na mifugo Hadado, mimi ndiye namlea asome, na zamani alikuwa mviringo mzuri, lakini mwaka huu amekonda, shingo ndefu, mikono kama fimbo, watu watasema Dagane anajua ng'ombe wa watu na kwake mtoto analala njaa. Nikampa maziwa ya ngamia na samli asubuhi na jioni, wapi, hata gauni la Idi nililomnunulia juzi limepanda juu ya kifundo cha mguu, vitambaa vya siku hizi vinanywea sana. Basi nikampeleka sokoni nikampandisha kwenye mizani ya mbuzi ili ushahidi uwepo, mchuuzi mmoja akasema, "Mzee, huyu mrudishe malishoni kwanza," watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana alisema vizuri. Tangu hapo hataki kula na mimi. Nikimwita anajibu, "Nimeshiba, awowe," yaani babu, na maziwa anampa mtoto wa mbuzi, ambaye kwa kweli ananenepa. Wiki hii ameanguka shuleni, kwenye mstari wa asubuhi. Mwandikie kwa gazeti kwamba mtoto wa mtu kama mimi lazima ale. Gazeti analisoma lote, mpaka matangazo ya vifo.

Mzee Dagane, huruma yako naiona, na macho yako ya soko nayaheshimu, lakini safari hii yamekudanganya. Gauni halikunywea. Mtoto amerefuka. Wewe umewahi kuona ndama akirefuka miguu na kujaza mgongo msimu mmoja? Msichana wa umri huo mara nyingi hutangulia urefu, nyama hufuata, na kila mmoja kwa wakati wake. Kukonda hakukuwa ugonjwa. Ugonjwa umeuleta wewe, siku ulipomfanya bidhaa mbele ya wachuuzi, ukacheka nao.

Kuanguka si jambo la kungoja. Mpeleke kliniki kesho, muuguzi ampime uzito pamoja na urefu, mlango ukiwa umefungwa na wewe ukiwa nje. Leo jioni mwambie, "Nilikosea, mjukuu wangu." Halafu kaeni mle, utazame sahani yako tu. Habari ya mwili wake isitajwe tena, si nyumbani, si sokoni. Na mnunulie gauni refu.

Hamda, najua unasoma hapa. Kwa barua ya babu yako, naona msichana anayekua. Maziwa yako kunywa mwenyewe. Mbuzi ametosha.