Hakuna Aliyeniita

Jumatano, usiku

Eti bei isiyopungua ndiyo maendeleo! Nimesomea ubunifu chuoni nije kuambiwa hivyo na mtu mwenye tai.

Usaili ulianza vizuri. Kampuni inatengeneza programu ya kompyuta za madukani, wakaniambia nichore kioo atakachokitazama mteja. Nikachora bidhaa, bei, na chini yake kitufe cha kupunguza bei. Mkuu wao akacheka. "Dada, hiyo Kariakoo ya zamani. Siku hizi ni soko huria. Mteja anaona bei, analipa, basi."

Soko huria lisiloruhusu kupatana. Haya.

Wakanishukuru. Nikatembea polepole kuelekea mlangoni, nikitumaini nitaitwa nirudi. Wapi! Na nisipopata pa kufanyia mafunzo, chuo hakinipi cheti. Mama bado sijamwambia.

Nikapitia Kariakoo, dukani kwa Mjomba Hamadi, kutoa dukuduku langu. Sijakaa vizuri, nani anaingia? Mkuu yuleyule, tai kaitia mfukoni, anamtafutia mkewe kitenge. Hakuniona nyuma ya majora. Mjomba akataja bei.

"Mzee wangu, hiyo ya kuanzia. Ya mwisho je?"

Mjomba akashusha. Bwana akataka ishuke zaidi, Mjomba akakataa. Basi akakirudisha kitenge, akaanza kuondoka polepole, polepole kabisa, masikio yamebaki nyuma.

Mjomba akaninong'oneza, "Nimwite?"

"Mwache afike mlangoni kwanza."