Nilivigusa Vifauwongo Kabla Wageni Hawajaingia

Alhamisi, Kibaha. Mvua imekatika tangu saa nane, lakini mawingu bado yamekaa na nguo nilizoanika jana hazijakauka. Nimeketi barazani na chai iliyopoa. Nina barua ya maelezo ya kuandika, Mkuu wa Shule anaitaka kesho asubuhi. Kabla sijaandika huko, acha niseme ukweli huku.

Leo nimelipiza kisasi, na silaha yangu ilikuwa mimea kumi na miwili.

Nafundisha Baiolojia. Mwaka huu niliamua wanafunzi wangu waache kukariri kwamba mimea huhisi na kujongea, waone kwa macho yao. Tulipanda maharage ndani ya boksi la viatu lenye tundu moja, na chipukizi likapinda kona mbili kuufuata mwanga. Tulilaza chungu cha mche wa mahindi ubavu, na baada ya siku chache shina lilikuwa limejiinua lenyewe. Lakini kilichowashika zaidi ni kifauwongo, kile kimmea chenye miiba na maua ya waridi kinachotambaa kando ya njia. Ukikigusa, majani yanajikunja na vikonyo vinalala, utasema kimekufa. Ukikiacha, kinafumbuka.

Vifauwongo vyenyewe nilivitoa Kisarawe, nyumbani kwa Bi Tatu, mhudumu wa usafi shuleni kwetu. Mama wa Kizaramo, mtu mzima, ana kibarua cha mkataba unaosainiwa upya kila muhula. Jumamosi moja tuliinama shambani kwake na vijembe tangu asubuhi mpaka adhuhuri, miiba ikituchoma vidole, yeye akinicheka: "Mwalimu, sisi haya tunayang'oa tuyatupe, wewe unayabeba kama mayai!" Tukaviotesha kwenye madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa nusu. Alivimwagilia kila siku kabla ya kudeki, bila mtu kumwambia.

Kisha akaja Mwalimu Zakaria.

Ni mkuu wa idara yetu ya sayansi. Maabara aliingia mara moja tu tangu tuanze, akasimama mbali na kuuliza kama ile miiba ina sumu. Wiki iliyopita nilikwenda kutoa kopi steshenari, barabarani pale, nikaona ripoti ya mradi wetu niliyoiandika mimi, imechapwa, ipo juu ya meza. Maneno yangu. Michoro yangu. Hata kosa langu la herufi kwenye ukurasa wa tatu lilikuwepo. Jalada limeandikwa: Imebuniwa na kuandaliwa na Mwl. Zakaria.

Nilimfuata ofisini, nikamuuliza kuhusu jalada hilo mbele ya walimu wenzetu. Hakushtuka. Alitabasamu, akawageukia wengine na kusema, "Madam Aika ametusaidia sana. Hasa kwenye kumwagilia."

Wakacheka. Si wote, lakini niliwahesabu waliocheka.

Sikulia. Nilirudi darasani nikafundisha vipindi viwili, na kufikia kengele ya mwisho nilikuwa nimeshajua nitafanya nini. Leo wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa waje kuona mradi. Yeye ndiye angewaonyesha. Na yeye hakujua jambo moja ambalo kila mwanafunzi wangu wa kidato cha pili analijua: kifauwongo kikishajikunja, hakifunguki kwa kuombwa. Chini ya kila jani kuna kifundo kilichojaa maji. Ukigusa, maji yanakimbia upande mmoja, kifundo kinanywea, jani linaanguka. Lazima maji yarudi, na hayana haraka na mtu.

Saa nne kasoro nilisikia gari la wageni getini. Nikaingia maabara peke yangu. Vifauwongo vilikuwa vimejipanga mezani chini ya kitambaa cheupe kilichoinuliwa kwa vijiti kisiviguse. Nikakiinua, nikapitisha kidole juu ya kila kimoja, taratibu, shina kwa shina, mpaka vyote kumi na viwili vikalala. Nikafunika.

Ninakiri, nilifurahi. Moyo ulinidunda kwa raha ambayo sikuwahi kuisikia tangu nianze kazi.

Wakaingia pamoja na Mkuu wa Shule. Mwalimu Zakaria alikuwa na tai mpya. Alizungumza kwa dakika chache tu, akisoma sentensi zangu kwa sauti yake, kisha akasema, "Sasa mtaona maajabu," na akakivuta kitambaa.

Mimea yote imenyauka. Imelala juu ya udongo kama majani yaliyong'olewa juzi.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Mwalimu, imekufa?"

Mwalimu Zakaria akagusa jani. Halikujongea. Akagusa jingine. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilisimama nyuma karibu na dirisha, nikifurahia kila sekunde. Nilitaka idumu. Nilitaka wale waliocheka ofisini wawepo wote.

Ndipo akageukia mlangoni, alipokuwa amesimama Bi Tatu na ndoo yake.

"Ni huyu mama," akasema. "Nilimwagiza amwagilie, amepuuza. Mkuu, nilishasema kuhusu hawa vibarua."

Mkuu wa Shule akamtazama Bi Tatu. "Ni kweli, mama?"

Bi Tatu akaiweka ndoo chini, akaitazama ile mimea. Mkataba wake unasainiwa mwisho wa mwezi huu.

Sikupanga hilo. Nilipanga kila kitu, hilo sikulipanga.

Nilitoka dirishani, nikasimama kando ya meza. Halafu nikasema, "Amemwagilia. Ni mimi niliyevigusa kabla hamjaingia. Havijafa. Naomba mkae, msubiri."

Hakuna aliyeondoka. Jani la kwanza lilianza kufumbuka kwenye dumu la pembeni, karibu na mwanga, kisha mawili, kisha meza nzima ikawa inainuka polepole huku Mwalimu Zakaria akiwa amesimama katikati yake na kitambaa mkononi. Mama mwenye miwani akamuuliza kinachosababisha ni nini. Hakujua. Akaniuliza mimi. Nikaeleza. Akaandika jina langu kwenye daftari lake, akaniuliza linaandikwaje.

Kwa hiyo nimeshinda. Mkuu ananidai maelezo kwa kuiaibisha shule, na nitayatoa, lakini kuhusu Zakaria sina jingine isipokuwa furaha. Nikikumbuka lile jasho, nacheka mwenyewe hapa barazani.

Ila mchana nilimkuta Bi Tatu akisuuza matambara bombani.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba." Hakuinua uso.

Nikamwambia samahani. Akakamua tambara, akakamua tena mpaka likaisha maji.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Mimi na wewe tumechomwa miiba pamoja. Ungenambia nisisimame pale, nisingesimama."

Akaanika tambara lake akaenda zake.

Basi hii ndiyo barua nitakayoiandika: kwamba vifauwongo ni jasho la watu wawili, mimi na Bi Tatu, na jina lake litatangulia langu. Kwamba hakukosea lolote. Nitaipeleka mwenyewe mkononi kwa Mkuu kabla ya gwaride la asubuhi, na nitasimama hapo mpaka aniambie mkataba wa yule mama upo salama.

Kumwomba radhi Zakaria, sitaomba. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo mara tatu, na mara tatu nimeikata.

Je, mtu anaweza kujutia nusu tu ya alichokifanya?