Askofu Haandikii Mchungaji

Kaka yangu Ezekieli,

Ningependa kukuandikia kwa siri, kama dada anavyomwandikia kaka yake, lakini simu zangu hupokei wala ujumbe wangu hufungui tangu juma lililopita. Jumatatu nilifunga safari hadi kwako Umm Salal, na mlinzi wa kompaundi akaniambia uko kwenye maombi na hutaki kusumbuliwa. Nilisimama pale langoni saa nzima juani, na sare yangu ya hospitali mwilini, nikarudi na miguu imevimba. Kwa hiyo barua hii naiweka kwenye kundi la WhatsApp la ushirika wetu wa zamani. Najua bado unalisoma ingawa hujibu. Wenzetu wataisoma pia, na wasome.

Nimekasirika, Kaka. Nalisema mapema usije ukapoteza muda kutafuta upole katika maneno yangu.

Jambo lenyewe ni Nekesa. Kwa wageni wa kundi hili, Nekesa ni yule dada anayemtunza bibi mmoja mgonjwa katika nyumba ya familia ya hapa mjini. Miaka miwili iliyopita Kaka Ezekieli alipotuacha akaanzisha kanisa lake, Nekesa alimfuata. Sasa yuko likizo Kenya na anataka kuolewa kanisani. Kasisi wa kwao hawezi kutangaza ndoa hiyo mpaka apate barua kutoka huku, ya kusema Nekesa ni Mkristo wetu na hajaolewa kokote. Barua hiyo imekwama kwako.

Unakumbuka nilipofika Doha? Sikuwa hata nimefungua sanduku uliponiuliza, "Barua ya kasisi iko wapi?" Nikacheka. Kwetu mtu haondoki kwenda mji wa mbali bila barua ya kanisa, lakini mimi niliichukua ili Mama anyamaze tu, nikaikunja ndani ya Biblia na kuisahau. Ijumaa ile, siku yetu ya ibada huku, uliisoma mbele ya watu wote, neno kwa neno, mpaka jina la kasisi na muhuri wake, kana kwamba muhuri nao unasomwa. Watu nisiowajua wakaja kunishika mkono. Kiyoyozi cha ule ukumbi kilikuwa kikali mno, mimi natetemeka na kigauni changu cha nyumbani, na mtu wa kwanza kuvua sweta lake akanivisha alikuwa Nekesa. Hakuniuliza mimi ni wa nani. Alikuwa amesikia barua.

Nilipopata nyumba Al Mansoura, mchana baada ya ibada tulikuwa tunakusanyika kwangu, tunakula, halafu wewe unafundisha. Hivyo ndivyo Ijumaa zetu zilivyokuwa kwa miaka mingi: masufuria yakiwa bado mezani, wewe umesimama karibu na jokofu kwa sababu viti havitoshi, ukitueleza kanisa la kwanza lilivyoishi. Ulituambia desturi ya barua ni ya kale kuliko sisi. Mkristo aliyesafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine alibeba barua ya askofu wake, na askofu wa kule alipoiona alimpa mgeni yule nafasi mezani. Bila hiyo, nani angejua kama huyu ni ndugu au ni mjanja tu wa barabarani? "Kazi kubwa ya askofu ilikuwa kujibu barua," ulisema. "Askofu asiyejibu barua alikuwa hana maana."

Ni maneno yako, Kaka. Niliyaandika kwenye daftari.

Ulitufundisha pia kwamba mtu hakujifanya askofu peke yake. Maaskofu wa jirani walikuja, na kanuni ikataka wasipungue watatu, ili kila mtu ajue kwamba huyu anatambuliwa na wenzake. Na ulipenda mno habari za yule askofu mzee aliyepelekwa Roma kuuawa, amefungwa minyororo, askari wamemzunguka, na kila walipotua aliandika barua. Aliyaandikia makanisa. Alimwandikia hata askofu aliyekuwa kijana kwake. Akawasihi wasigawanyike, wakae na askofu wao, wale meza moja. Siku hiyo Nekesa akauliza, "Sasa kama alikuwa anaenda kuuawa, mbona alijisumbua na barua?" Ukamjibu, "Kwa sababu alijua akishaondoka, watu watang'ang'ania kiti." Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikafunga bomba ili nisikie.

Ndiyo maana nilianza kukutania. "Askofu, ongeza ugali." "Askofu, toa takataka." Wenzetu wakacheka, wakalidaka neno, na wewe ukawa unaitikia. Siku hizi najiuliza kama mimi ndiye niliyekutia wazimu huu, na sipendi jibu ninalolipata.

Halafu akaja Mchungaji mpya. Ukumbi tunamosali, kila mtu humu anajua, tunagawana na makusanyiko mengine na kila kundi lina saa yake. Darasa lako lilikuwa limekua hadi likapewa saa humo; Mchungaji akaitoa saa hiyo akawapa vijana wa kwaya, bila kukuuliza. Alikosea. Nilimwambia usoni kwamba amekosea, naye akaomba radhi, kwako na kwetu. Lakini wewe ulikuwa umeshaamua. Ulisema, "Mimi nimekuwa hapa kabla yake. Siwezi kupangiwa na mtu aliyekuja juzi." Nikakuambia, "Kaka, hata wewe unajua hilo si neno la kuvunjia kanisa." Ukaniambia sielewi mambo ya uongozi. Juma lililofuata uliondoka na nusu ya watu wetu.

Siku ya kusimikwa kwako kuwa askofu nilikuja. Sijawahi kukuambia nilichokiona, kwa hiyo leo nitasema. Ilikuwa ni chumba cha mikutano cha hoteli moja pale Al Sadd, na kwa kuwa huku ibada yetu hairuhusiwi hotelini, mlikiomba kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa. Wahudumu wa hoteli, watu wa Mungu, wakakipamba kwa baluni. Joho lako la zambarau tulilishonesha pamoja kwa fundi wa Al Mansoura, na yule mzee alipokuwa anakupima mabega akaniuliza, "Graduation, madam?" Nikamwambia ndiyo. Askofu aliyekusimika hakuwepo. Alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, mtandao ukakatika katikati ya sala, na uliporudi alikuwa ameshasema amina. Mmoja, si watatu, na huyo mmoja hata hakukugusa kichwa. Nilitazama baluni, nikakumbuka darasa lote lile, nikapiga makofi pamoja na wengine.

Kosa langu ni hayo makofi. Ulikuwa unang'aa, Kaka, sijakuona na furaha kiasi kile tangu Baba afariki, nikasema moyoni, mwache, kwani anamdhuru nani?

Sasa nimejua anamdhuru nani. Nekesa alinipigia simu juma lililopita nikiwa natoka zamu, nimekaa kwenye basi la wafanyakazi. Alikuwa analia hata simsikii vizuri. "Roda, nimempea kasisi ile barua Baba Askofu alinipea nikisafiri. Ameisoma akaniuliza, huyu askofu ako chini ya nani? Anashirikiana na nani? Nikamwambia sijui." Nikamuuliza kama kasisi alikuwa mkali. "Hapana, alikuwa tu na huruma. Amesema hajakataa kuniozesha. Anataka tu mtu yeye anamjua amwambie mimi ni nani." Kisha akasema, "Mimi ni nani, Roda? Si nimekuwa kanisani miaka yote?"

Nikaenda kwa Mchungaji siku hiyohiyo. Nilimkuta anapanga viti, nikamwambia aandike barua, kwa kuwa yeye anatambuliwa na kasisi wa kina Nekesa. Akaniambia, "Roda, kwa miaka miwili sijamwona. Siwezi kuapa kwa nisichokijua. Ezekieli ndiye aliyekuwa naye. Aniandikie mstari mmoja, kwamba dada huyu alikuwa mikononi mwake na yuko huru kuolewa. Nitaambatanisha na yangu na kuituma leo." Nikamgombeza. Nikamwambia anatumia msichana wa watu kukupigisha magoti. Akaweka kiti chini akasema, "Nitamwita askofu kwenye barua kama anataka. Sina shida. Aniandikie tu." Niliondoka nimeudhika zaidi.

Nikakupigia. Nilikueleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza wagonjwa dawa zao. Nawe ukanijibu kwa ile sauti mpya uliyoipata pamoja na joho: "Askofu haandikii mchungaji. Mchungaji ndiye humwandikia askofu." Halafu ukakata.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mpaka nimechoka. Nikiwa nabadilisha mashuka ya wagonjwa nayasikia. Yule mzee wa minyororo aliandikia watu wa kila namna, Kaka, na askari wamemshikilia, na hakuna siku uliyosimama karibu na jokofu langu ukatuambia aliuliza kwanza nani mkubwa. Ulitufundisha kwamba askofu alikuwepo ili mtu wa chini kabisa, mgeni asiye na jina, apokelewe mahali asipojulikana. Nekesa ndiye mgeni huyo, tena yuko kwao, katika kanisa alimobatizwa, na ni mgeni kwa sababu yako. Uliutaka ukubwa wa watu wale, mzigo wao hukuutaka. Nasema hivi nikijua nitakuumiza, na ndiyo, nataka uumie kidogo.

Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi, lakini hapa hata mafahali si wawili. Mwenzako amekaa, anangoja karatasi.

Hesabu ya siku ni hii. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Tukianza Jumapili hii, likizo ya Nekesa inaisha juma moja tu baada ya ile ya tatu, na mwajiri wake hawezi kumwongezea hata siku, kwa maana bibi yule hakubali kulishwa na mtu mwingine. Kasisi amesema akiipata barua kufikia Ijumaa hii, ataanza kutangaza Jumapili. Ikipita Ijumaa, Nekesa anarudi Doha bila kuolewa, na kijana wa watu anabaki kule akiulizwa na ukoo wake ni kanisa gani hilo la Uarabuni lisilojulikana na mtu.

Sikuombi urudi kwetu. Ningetaka, Mungu anajua. Ijumaa naumia nikiliona lile jokofu na watu wamesimama mbali nalo. Lakini hilo si la leo. Leo naomba mstari mmoja kwa Mchungaji. Weka cheo, usiweke, yeye amesema hajali, na mimi nimefika mahali sijali pia. Sema unamjua. Sema yuko huru.

Kuna jambo moja zaidi, na ninyi wengine mnaosoma, nawasihi lisitoke humu. Nekesa hayumo, alijiondoa siku alipomfuata Kaka Ezekieli. Jana, Kaka, amenipigia tena kuuliza umesemaje. Sikuweza kumwambia. Nilimwambia Baba Askofu amehuzunika sana, amesema ataandika kwa mkono wake, na barua iko njiani. Akashusha pumzi, akacheka, akasema, "Nilijua. Yeye hawezi kuniacha." Nimemdanganya mtu aliyenivisha sweta lake, Kaka, kwa ajili ya jina lako.

Una mpaka Ijumaa kuufanya uongo wangu uwe kweli.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja,
Roda