Mti wa Baba Pale Mwambani

12 Oktoba. Tangu asubuhi jua kali, hakuna wingu.

Kaka yangu,

Kikohozi kimeniacha. Kuku wamebaki wawili.

Jana nilikata mti wa marehemu baba, ule wa mwisho pale mwambani. Ulipukutisha majani siku arobaini na moja zilizopita, nami nikaandika kwenye shajara: umekufa. Mama alinizuia. "Mti huo umejinyima tu, mwanangu. Mbona mimi nikifunga huniiti maiti?" Nikacheka, nikashika shoka.

Ndani ulikuwa mbichi. Mzizi wake umepenya ufa wa jiwe, na humo udongo bado una unyevu.

Mama hakunilaumu. Tangu jana amekuwa akikilowesha kisiki kwa maji yake ya kunywa. Amepitiwa na usingizi hapo hapo, saa nane na dakika ishirini mchana. Safari hii sijaandika lolote kwenye shajara.

Dada yako