Ng'ombe wa Mama Makka Kwenye Kalenda ya Shamba

Garsen, Jumamosi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kibarazani na si kitandani, na kwamba ule mguu haukusumbui sana baridi ya Wundanyi inaposhuka. Dawa unakunywa, au bado unamwonyesha Mama kikombe kitupu ukidhani hajui? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mbaya, na sitakuficha.

Najua binamu yangu Mwakio ameshakuletea habari kwamba nilishikwa. Ni kweli. Ila yeye habari haziivi mpaka azitie chumvi, kwa hiyo sikia kwangu.

Huku karibu na Kulesa kuna malka, ndiyo njia ya mifugo kushukia mtoni, na Waorma wameitumia tangu enzi za babu zao. Shamba moja kubwa likaizungushia waya. Mama Makka, mjane anayeniletea maziwa kwenye studio yangu ya picha kila asubuhi, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja waliokuwa wakinywa maji hapo. Kiangazi kilipokaza wakawa wanasimama kwenye waya wakisikia harufu ya maji wasiyoweza kuyafikia, na wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Yeye na wenzake wakapata wakili Malindi wa kuwasaidia. Shamba lilikuwa linaiambia mahakama kwamba hapakuwahi kuwa na njia yoyote, basi wakili akataka picha za ile njia ndani ya uzio, hadi ukingoni mwa mto.

Picha hizo hazipigiki ukiwa nje, nikaingia. Baba, sikupotea wala sikudanganywa na mtu. Niliona kibao cha kukataza, nikakisoma, nikapita chini ya waya. Njia niliikuta imechimbika kwa kwato za miaka hata trekta lao limeshindwa kuisawazisha, nikaipiga yote. Nilipokuwa natoka nikageuka kuwapiga ng'ombe wa Mama Makka waliojipanga upande wa pili wa waya. Mbele yao alikuwa Dimtu, yule mwekundu anayempenda kuliko wote. Hapo ndipo walinzi waliponikamata.

Meneja aliniambia nichague mwenyewe, kituo cha polisi au maslaha. Maslaha huyajui, Baba. Huku watu wakikoseana, wazee huketi, mkosaji hukiri na kuweka chini alichotoka nacho, dua inasomwa, na jambo limezikwa. Atakayelifukua ndiye mkosaji mpya. Miaka minne nimeishi hapa naitwa mgeni, na siku hiyo wazee walikubali kunikalia kama mtoto wao. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikatoa kadi ya kamera, na picha zenyewe sikuwa nimezihamishia popote, nikaiweka juu ya mkeka.

Dua ilipokwisha na wazee wakaanza kuinuka, meneja akatoa karatasi. Alisema ni ya kuandika tu yale tuliyokubaliana. Ilisema picha zote ni mali ya shamba, nami sina dai lolote juu yake milele. Niliisoma, Baba. Nikaona ni maslaha yaleyale yamewekwa kwenye maandishi, nikatia sahihi. Wazee hawakusomewa.

Wakili aliposikia alishika kichwa. Aliniambia maneno ambayo nayarudia kila ninaposafisha lenzi: "Kuingia ni kosa lako, na lina adhabu yake. Picha ni zako vilevile. Hata polisi wasingeweza kukulazimisha uzifute bila amri ya mahakama. Wewe ndiye uliyezitoa." Kumbe ningechagua kituo ningelala ndani, nikashtakiwa, na picha zikabaki zangu. Majuto ni mjukuu, na huyu nimempakata mimi.

Mwezi uliopita shamba likagawa kalenda za bure mjini. Picha ni yangu. Waya wameufuta kwa kompyuta, wakaweka mto wa buluu nyuma ya ng'ombe, na chini wameandika kwamba shamba na wafugaji ni majirani wema. Mama Makka alikuja nayo studio imekunjwa ndani ya mtandio. Akaikunjua, akaweka kidole.

"Hii ni Dimtu yangu," alisema. "Alikufa hapo kwa waya."

Akaniomba nimchapishie ya kwake, bila yale maandishi. Nikamwambia sina.

"Wewe ndiyo ulipiga, na huna?"

Nililia mbele ya wateja, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Sasa wakili anasema kuna njia moja. Niape mahakamani kwamba niliingia, kisha tuombe ile sahihi itenguliwe na shamba lilete kadi. Angependa niseme nilitia sahihi kwa hofu. Hofu ilikuwapo nilipokuwa mikononi mwa walinzi, lakini juu ya mkeka sikuwa nayo, niliyaamini tu yale maslaha. Nimemwambia nitasema hivyo hivyo, hata kama kesi itadhoofika. Mzee mwenye nyumba ninayopanga, aliyekuwa mmoja wa waliosoma dua, alikuja jana. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, tulilizika," akaondoka bila kugusa chai. Nimeelewa kwamba nikiapa, nitahama nyumba hii, na huenda nikahukumiwa pia kwa kuingia. Lakini Mama Makka amebakiwa na ng'ombe wawili. Jumatatu nakwenda Malindi.

Nisalimie Mama, mlinzi wa dawa zako. Nisalimie Shangazi Mkamburi aliyenifunga nywele siku naondoka, na kaka yangu Mwandawiro na mkewe, na mdogo wangu Wakesho, mwambie asome. Mwakio naye msalimie, ingawa hastahili.

Watu wa kanisani wakikuuliza habari zangu, usinitetee kwa uongo. Waambie aliingia, alikiona kibao na akaingia. Kisha waambie picha ni zake.

Ni mimi binti yako,
Mghoi